Aliuliza au alisema?

Saa nane na nusu usiku. Nimetoka kazini, miguu imevimba, na badala ya kulala nimekaa jikoni naandika habari za samaki. Samaki mwenyewe sinaye. Ndiyo shida yenyewe.

Baba, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, bado yupo. Basi Jumamosi ile ya wiki iliyopita, rafiki wa Baba Salma, yule Mfilipino mwenye boti, akatuambia twende. Tulishusha boti Point Defiance, hapa Tacoma, Marekani, kabla ya jua, Baba kavaa koti langu la zambarau juu ya sweta mbili, Agosti hii. Akatia kidole majini akakitoa. "Haya maji ya friji." Kisha akakaa nyuma kabisa, mahali ambapo kwenye mashua yake angekaa nahodha, akanyamaza.

Huku samoni mkubwa, wa Chinook, ambaye wavuvi wote wanamwita kingi, tunamvua kwa kurambaza. Boti inatambaa, mishipi inafuata nyuma, na ili chambo kishuke mita thelathini chini kila mshipi unabanwa kwenye waya wenye tufe la risasi la ratili kumi na mbili. Baba alilipakata lile tufe mapajani kama mtoto mchanga. "Kwetu chubwi hili ni nanga." Akaniuliza leseni yangu imeandikwa nini, nikamwambia ni ya uvuvi wa starehe. "Na samaki naye anastarehe?" Tulicheka wote, hata Mfilipino alicheka, na hajui neno.

Naandika haya ili mjue kwamba mpaka hapo palikuwa shwari.

Saa moja kasoro, tukiwa mbele ya ule ukuta wa udongo wanaouita Clay Banks, fimbo yangu ikainama. Nilimvuta kama dakika kumi. Kila nikidhani amechoka anarudi chini na mshipi wote niliokusanya. Alipofika ubavuni nikamwona: mgongo wa kijani iliyokolea, madoa mpaka mkiani, fizi nyeusi kama kaingia masizi. Mwenye boti alisema ratili kumi na tano. Mimi nasema ishirini na hilo sibishani na mtu. Akainama na kimia, akamtazama mgongoni, akakirudisha kimia.

Kipezi kipo.

Nimeshawaeleza kile kipezi mwaka jana, cha nyama, kidogo kama ncha ya kidole, kati ya pezi la mgongo na mkia. Samoni waliototoleshwa kwenye mabwawa hukatwa kipezi hicho wangali wadogo, kabla ya kuachiwa waende baharini. Ukimpata kingi aliyekatwa, na msimu uko wazi, ni wako. Aliye nacho kizima tunamhesabu kazaliwa mtoni, na kingi wa Puget Sound, bahari yetu hii ya huku, tangu 1999 wako kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kwa sheria ya Marekani. Huyo hata kumpandisha chomboni huruhusiwi. Unamfungua akiwa majini.

Nikamfungua. Ndoana zetu hazina kile kijino cha kuzuia, ndiyo sheria pia, kwa hiyo ilitoka mara moja. Lakini haikuwa imeshika mdomo. Ilikuwa imeingia pembeni mwa jicho. Damu ilitoka uzi mwembamba, ukanyooka na maji. Akalala upande kidogo, nikamshika mkia mpaka akakaa sawa, akazama polepole. Mimi nikiwa bado nimeinama, mikono imekufa ganzi, nikasikia nyuma yangu:

"Kwa hiyo umemuumiza bure"

Sikuweka alama mwisho wa sentensi hiyo kwa makusudi. Siijui. Nimeisikia mara mia tangu siku ile na bado siijui. Aliuliza au alisema? Sauti yake ilipanda mwishoni au ilishuka? Kulikuwa na injini, kulikuwa na shakwe, na mimi nilikuwa nimempa mgongo. Angeanza na "je", leo ningekuwa nimelala.

Nikamjibu, "Ndiyo sheria, Baba."

Ndiyo sheria, Baba! Mtu aliyetusomesha watoto sita kwa ngalawa na mishipi ya mkono, namjibu kama karani wa dirishani. Hakusema kitu tena mpaka gatini. Pale akasema tu kwamba chai ya kwenye chupa imepoa.

Tangu hapo wiki imepita hivi: kodi ya nyumba imepanda, Salma kang'olewa jino, Jumatano nikaapa uraia nikapewa kibendera, na wifi yenu amepiga kusema posa imekubaliwa. Pasipoti ile nyingine iko droo ya juu na habari zake siandiki leo. Ninachoweza kusema ni kwamba pale ukumbini, tumesimama na mikono ya kulia juu, watu wanalia, mimi nilikuwa natunga jibu la kumpa Baba kuhusu samaki.

Nimeyatunga mengi. La kwanza: Baba, huwezi kujua kama ana kipezi mpaka umvute. Ni kweli, lakini ndicho anachokisema yeye. La pili: Baba, bila sheria hii wangekuwa wamekwisha, na hata nyangumi wa huku, wale weusi kwa weupe, wana njaa kwa sababu chakula chao kikubwa ni huyuhuyu kingi. Hili lina maana, lakini mtu akikuuliza kwa nini umemkanyaga mguu humwelezi historia ya viatu. Nilikuwa namwogesha bibi wa chumba cha nne juzi, natunga jibu la pili, akaniuliza naongea na nani.

La tatu lilinijia kwenye gari usiku wa Jumanne, na la tatu ndilo linalonitia haya. Nilitaka kumwambia: na yule wa Kigombe je?

Mliotoka Tanga mnajua. Ni wakati ule wa 2004 na 2005, silikanti walipoanza kuingia kwenye majarife ya papa, samaki ambaye dunia ilidhani ametoweka pamoja na madude ya zamani. Baba alileta mmoja. Nilikuwa binti mdogo, nakumbuka magamba kama ya buluu yenye madoa meupe, mapezi yenye nyama kama vimiguu, na jicho. Alikuwa amekwisha kufa. Nyama yake ina mafuta mabaya, hailiwi. Watu wakaja wakapima, wakaandika, mwaka 2009 bahari ile ikawa hifadhi, na Baba hakuwahi kulizungumza tena jambo lile. Mimi nikalichukua, miaka ishirini baadaye, nikalinoa kwa ajili ya kumjibu mzee wangu kwa sababu ya sentensi moja ambayo labda ilikuwa swali.

Sikulisema. Lakini nililitunga vizuri, na nililipenda.

Alhamisi nikamkatia leseni ya siku tatu. (Mhudumu alipomuuliza uzito wake Baba akasema "wa nini, wananivua mimi?") Ijumaa alfajiri tukaenda gati la Dash Point, mimi, yeye na Salma mwenye pengo. Mwaka huu ni wa witiri, na pinki, samoni wa aina nyingine, huja miaka ya witiri. Wanaishi miaka miwili tu, na katika maji haya karibu wote wamepangana mwaka mmoja. Mwaka wa shufwa unaweza kusimama pale gatini mpaka uote mizizi. Ila mwaka huu gati zima limejaa, Wasamoa, Wavietnam, Warusi, watu wamepanga ndoo, na kila mtu ana chambo cha bandia cha rangi ya waridi. Baba aliniuliza mara mbili kama namtania. "Samaki gani anachagua rangi kama anachagua kanga?"

Kabla ya kurusha alitazama nguzo za gati, pale majani ya bahari yanapoishia, akauliza mwezi una siku ngapi. Nikafungua simu. Hakusubiri simu. "Yanajaa bado. Yakisimama watakula." Akakaa kwenye ndoo yake, mikono kwenye mifuko ya koti la zambarau, watu wote wanarusha yeye anatazama. Maji yalipokaribia kusimama akainuka. Kile kigurudumu cha mshipi hakukipenda. Alirusha, kisha akaukamata mshipi wenyewe kati ya kidole cha shahada na gumba, fimbo ikawa kama mzigo tu aliobeba kwa adabu. Alikuwa anasikiliza kwa kidole. Nimewahi kumwona hivyo mara ngapi, nyuma ya ngalawa, mimi nimekalia kamba? Nilisahau kabisa kwamba huo ni uso wake.

Wa kwanza akampata Salma, akapiga kelele gati nzima ikapiga makofi. Wa pili akampata Baba. Dume, lenye nundu limeanza kuota mgongoni. Akalivuta kwa mkono, akalilaza kwenye mbao, akalishika kichwani, na kabla sijafika akawa amelipapasa mgongo kwenda mkiani.

"Huyu kipezi chake kizima," akasema. "Je, tumrudishe?"

Alikuwa hatanii. Mkono mwingine ulishashika ukingo wa gati.

Nikamwambia hapana Baba, pinki hana sharti hilo, huyu ni wa kula. Akasema bismillahi akampiga mara moja tu, nikamkata matamvua atoke damu, tukamtia barafuni, maana nyama ya pinki ni laini na ukizembea saa moja inakuwa uji. Nikaijaza kadi ya samaki kwa kalamu palepale. Baba akachungulia. "Kumbe na huku kuna BMU." Ndiyo ile kamati ya wavuvi ya ufukweni kwetu.

Nilikuwa nimefurahi. Nimefurahi hasa, mikono inanuka, jua linatoka. Tukaingia garini, nikafunga mkanda, ndipo likanigonga: alisema "je". Kumbe "je" anaijua. Kumbe akitaka kuuliza anauliza kama mtangazaji wa redio. Basi ile ya kwenye boti?

Tulirudi kwa njia ya bandarini. Pale juu ya mto Puyallup nikapunguza mwendo kwa sababu wavu ulikuwa umetandazwa na Baba kashauona kabla yangu. Akauliza mbona hawa wana wavu na sisi tunahesabiwa ndoana. Nikamwambia ni watu wa kabila la Puyallup, wenyeji. Walitoa ardhi kwa mkataba mwaka 1854 wakabakiza haki ya kuvua, wakakamatwa kwa kuvua, na mwaka 1974 jaji anaitwa George Boldt akaamua kwamba nusu ya samaki wa kuvunwa ni haki ya makabila ya mikataba. Alitikisa kichwa muda mrefu.

"Na wao wanatazama kipezi?"

"Wavu, Baba. Unashika anayepita."

"Ndiyo. Wavu hauna macho." Tukavuka daraja. Salma alikuwa amelala. "Kama yule wa kwetu. Nilimkuta kafa. Ningemkuta hai ningemwachia, lakini ningemwachiaje, katoka chini kule kote."

Sikujibu. Safari hii kwa kuwa sikuwa na la kujibu. Jibu langu la tatu, lile zuri, lilikuwa limekaa kooni kama mwiba wa changu, nikalimeza.

Jana jioni nikajua mwisho wa habari, au habari nyingine kabisa. Nilikuwa natayarisha samaki wa kupaka (pinki anakubali nazi, msisikilize watu), Baba yuko sebuleni anarekodi ujumbe wa sauti kwa rafiki yake wa tangu jando. Mnajua wazee na simu, anaongea kama rafiki yuko ng'ambo ya ghuba na simu haipo. Nikamsikia anaeleza baridi, anaeleza tufe la risasi, ambalo sasa limefika ratili ishirini. Anaeleza kingi. Urefu wake alionyesha kwa mikono, kwenye ujumbe wa sauti. Kisha:

"Mtoto kamvuta vizuri, mkono wake ule ule wa nyumbani. Mimi nikamtazama yule samaki, nikamwambia, mama, huyu mwachie. Huyu ana mwenyewe. Akamwachia. Ana usikivu huyu."

Nilibaki na mwiko hewani. Nilicheka mpaka Baba Salma akaja kuangalia kama nimeungua. Siku saba! Siku saba sijalala kwa sentensi ambayo mwenyewe ameshaivua, ameipara magamba na kuipika upya. Nilitaka kutoka nimwambie Baba, hukusema hivyo. Halafu nikafikiri, nani ana hakika? Mimi nilikuwa nimempa mgongo.

Hapana. Alisema. Nimeisikia.

Kuna pinki wawili amewapaka chumvi akawaanika roshani wawe ng'onda. Mmoja kaibwa na shakwe, na jirani wa chini kaacha karatasi mlangoni ambayo sijaisoma yote. Kesho.

Nilipoingia sasa hivi nikapita chumbani kwake kumfunika. Chupa ya vidonge vya presha iko juu ya meza, na mimi mazoea ya kazini, kila chupa nahesabu. Alikuja na hesabu kamili mpaka siku ya ndege. Vilitakiwa vibaki kumi na tisa. Nimemimina kiganjani, nimehesabu kwa mwanga wa simu, viko ishirini na sita. Nimehesabu tena jikoni. Ishirini na sita.