Mfarishi wa vipande kwa ovaloki

Joto la Dar halitaki blanketi. Hapa kwangu Temeke, Januari na Februari, shuka lenyewe tunalisukumia miguuni. Kwa hiyo mifarishi ninayoshona haina pamba katikati wala kitambaa cha pili chini. Ni vipande vya vitenge tu, vimeungana vikawa shuka moja pana. Shida yake iko upande wa ndani. Ukiunga kwa cherehani ya kawaida, kingo zinabaki wazi. Fua kwa mkono, kamua, anika juani, rudia mara nne tano: nyuzi zinachomoka na mshono unaachia.

Zamani nilikuwa nabeba furushi hadi kwa fundi mwenye ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo, mtaa wa pili, nangoja zamu yangu nyuma ya sare za shule. Mwaka jana nikapata ya kwangu, ya mtumba, ya nyuzi nne. Inaunga, inakata na kufunga ukingo kwa mara moja. Haina bobini, ina sindano mbili, na chini yake lupa mbili zinazozungusha uzi ukingoni. Mapazia na vitambaa vya meza natoa sindano moja, nyuzi tatu zinatosha. Mfarishi siushoni kwa tatu hata siku moja, kwa sababu watoto wanauvuta huku na huku, na ule mstari wa sindano ya pili ndio unaoshika.

Kutunga uzi kulinitoa machozi wiki ya kwanza. Lupa ya juu kwanza, kisha ya chini, sindano mwisho. Uzi wa lupa ya chini ukikatika, natoa kwanza nyuzi za sindano, natunga lupa, ndipo narudi kwenye sindano. Nilipokuwa naruka hatua hiyo, ulikuwa unakatika tena baada ya inchi mbili.

Halafu kisu cha ovaloki, kile kinachokata ukingo. Pini zote nimeziweka mbali kisije kikazigonga, nabana vipande kwa vibanio vya kuanikia nguo na kuvitoa kabla havijafika kwenye mguu wa mashine. Kitenge cha sare ya harusi ya dada yangu kilijikunja chini nisione, kisu kikala pembe. Niliumia sana, maana kitenge kile hakipatikani tena. Sasa kila baada ya shibiri moja nasimama, napapasa chini kwa kidole.

Nakata vipande vya inchi 3, naunga mstari mrefu bila kukata uzi kati ya kipande na kipande, kisha naunga mstari kwa mstari. Kabla ya hapo napiga pasi: mstari wa kwanza mishono yote nailaza kushoto, wa pili kulia. Usipofanya hivyo, mishono inarundikana penye njia panda na aliyelala anaisikia mgongoni.

Mfarishi ninaoshona sasa ni wa shangazi, Tanga. Amenitumia khanga zake sita kuukuu, na ombi moja tu: majina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye khanga, yasikatwe. Basi kila jina nimelitoa zima, na nafasi ya inchi nzima juu na chini, na mistari hiyo sita naiunga kwa cherehani ya kawaida kwanza, taratibu. Ovaloki itapita baadaye, pembeni, kisu kikiwa mbali na herufi.