Nilivyopanga namba za ushuru za masweta kabla mzigo haujaondoka Guangzhou

Nauza nguo za kike za sweta hapa Dodoma, na biashara hii ina msimu mmoja wa maana. Ikifika Juni upepo unakuwa mkali, watumishi wanaowahi magari ya kwenda Mtumba, kwenye mji wa serikali, wanajifunika, na wanafunzi wa UDOM wanaulizia kadigani. Mzigo ukikwama bandarini Dar es Salaam hadi joto lirudi, nimekula wa chuya.

Mizigo mingi ya nguo niliyoona ikikwama ilikuwa na invoisi inayosema "nguo za kike" na idadi ya katoni, basi. Afisa wa forodha hawezi kukisia kilichomo. Anaagiza ufunguliwe, na huku gharama za kuhifadhi zinapanda. Wakala wangu wa forodha alijaribu kunituliza: "Dada, zote si asilimia 35? Tuandike namba moja tumalize." Asilimia ni kweli. Nguo mpya za aina hii ziko kwenye ngazi ya juu ya viwango vya kawaida vya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, na VAT ya asilimia 18 inakuja juu yake. Lakini namba ndiyo inayomwonyesha afisa alinganishe bei yangu na bei za nguo zipi. Fulana nyepesi na sweta zito hazina thamani moja. Tena tamko linabeba jina langu mimi mwagizaji. Nikamwambia, "Kaka, niachie hii kazi, nitakuletea orodha."

Nilimwomba muuzaji sampuli ya kila mtindo, nikaziweka mezani pamoja na rula na lenzi ya kukuzia. Swali la kwanza ni kitambaa kimetengenezwaje. Kilichoungwa kwa vitanzi, kama sweta na fulana, kiko sura ya 61 ya kitabu cha ushuru. Cha mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana zinazopishana, kiko sura ya 62. Blauzi mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutengana hapo hapo.

Masweta na kadigani yako kwenye kichwa namba 6110, na kichwa hicho hakiulizi kama ni vya kike au vya kiume. Kwenye suruali, mashati na makoti ndiko jinsia inaangaliwa: upande wa kulia ukilalia wa kushoto kwa mbele, ni nguo ya kike, na isiyotambulika ni ya nani inawekwa na za kike.

Kazi ilikuwa kwenye topu. Blauzi ya vitanzi ni 6106, ila ikiwa na mfuko chini ya kiuno, au ukanda wa kubana kwenye pindo, inatolewa humo. Inatolewa pia ikiwa na wastani wa chini ya vitanzi 10 kwa sentimita kila upande, ukihesabu kwenye eneo lisilopungua sentimita 10 kwa 10. Nilihesabu kimoja kimoja, na topu kadhaa ambazo muuzaji aliziita blauzi zikahamia 6110. Sijutii macho yaliyochoka.

Halafu malighafi, kwa uzito. Hapa wengi huangalia lebo, wakaona pamba inaongoza, wakaandika pamba. Mtindo mmoja ulikuwa pamba 45, poliesta 30, viskosi 25. Poliesta na viskosi zote ni nyuzi za viwandani, hujumlishwa kwanza, zinafika 55, kwa hiyo sweta hilo ni 6110.30 na si 6110.20 ya pamba. Kwenye magauni lazima uende mbele zaidi, uzitenganishe hizo nyuzi za viwandani: la akriliki ni 6104.43, la viskosi 6104.44.

Seti za juu na chini nazo zina masharti. Vipande viwe vya kitambaa kilekile, rangi moja, mtindo mmoja, saizi zinazoendana, na vifungashwe kuuzwa pamoja. Seti zangu za topu ya kahawia na suruali nyeusi hazikutimiza, nikaziandika kila kipande peke yake.

Kwa kila mtindo niliandika mstari mmoja: ni nguo gani, ya vitanzi, asilimia za malighafi, namba, idadi, bei. Nilimtumia muuzaji akaunakili kwenye invoisi na orodha ya katoni kabla ya kupakia. Mtindo mmoja niliubakiza, sweta refu ambalo baadhi ya wateja wanalivaa kama gauni. Kwa huo niliomba TRA, mamlaka ya mapato, uamuzi wa maandishi mapema, nikapeleka sampuli na maelezo. Njia hiyo ipo, na wafanyabiashara wa mikoani tungeitumia zaidi.

Afisa alichagua katoni chache, akazilinganisha na orodha, akaendelea na mengine. Masweta yalikuwa dukani baridi haijaanza. Sasa sitoi oda kabla muuzaji hajanijazia fomu yangu ya kila mtindo, na picha ya lebo ya ndani ikiwa imeambatanishwa.