Supu ya Kuku na Moto Mdogo

Mwanangu ana mafua na chakula hakitaki, kwa hiyo mchana nilibandika supu ya kuku. Kidonge cha mchuzi kwenye maji ya moto kingemaliza kazi kwa dakika tano, lakini mle kilichojaa ni chumvi. Supu ninayoipenda ni ile ambayo ukiilaza kwenye friji, asubuhi unaikuta imeganda, ukiigusa kwa kijiko inatikisika. Hiyo imetoka mifupani.

Ndiyo maana nikichagua kuku naangalia mifupa kwanza, nyama baadaye. Kuku mkubwa aliyetaga muda mrefu ana ladha ambayo kuku mchanga hajaipata bado. Shingo, mgongo, vipapatio na miguu, vyote vinaingia sufuriani, kwa sababu humo ndimo kwenye ngozi, kano na gegedu, na ndani yake kolajeni, protini ambayo ikipikwa taratibu hugeuka jelatini, ndiyo inayoigandisha supu ikipoa. Ini naliweka kando, huleta uchungu na kuchafua supu. Tena kuku simwoshi chini ya bomba. Maji yakiruka hubeba vijidudu hadi kwenye sinki na mboga zilizo jirani, ilhali kuchemka kutaviua vyenyewe.

Namtia kwenye maji baridi, yamfunike tu. Hapo sitoki jikoni. Maji yanapoanza kupata moto, povu la kijivu linapanda na kukusanyika pembeni mwa sufuria, nami naliengua kwa upawa. Linarudi, naengua tena. Baadaye linakuja jeupe na jepesi, halafu linakoma, na chini yake maji yameanza kuonekana rangi ya dhahabu hafifu. Wapo wanaoona kazi hii ni ya bure. Mimi naiona ndiyo nusu ya upishi.

Nusu ya pili ni moto wenyewe. Nikishamaliza kuengua naupunguza mpaka mapovu yawe yanapanda moja huku, moja kule, uso wa supu ukitetemeka kidogo tu. Ukiuacha moto uwake kwa nguvu, mafuta hupasuka vipande vidogo vidogo na kuchanganyika na maji, supu ikapoteza uangavu na kuwa nzito mdomoni. Moto mdogo huyaacha mafuta yaelee juu, unayachota ukitaka. Na sufuria ifunike nusu, si kabisa, maana mfuniko ukibana supu hufoka bila wewe kujua.

Kidari hakivumilii kukaa motoni saa zote ambazo mifupa inazihitaji. Kikiiva nakitoa, nachambua nyama na kuiweka pembeni, mifupa yake inarudi sufuriani. Saa ya mwisho ndipo ninapotia karoti, tangawizi iliyopondwa, pilipili manga nzima, na kitunguu nilichokikata nusu kikiwa na ganda lake, kwa ajili ya rangi. Ukivitia mapema vinapondeka na kupoteza ladha. Chumvi ni ya mwisho kabisa, baada ya kuchuja, kwa kuwa maji hupungua jikoni lakini chumvi haipungui.

Wakati sufuria ikitokota nilikuwa nawaza jinsi watu walivyoiamini supu hii. Maimonides, tabibu wa karne ya 12, aliwashauri wagonjwa wainywe. Mwaka 1978 watafiti walipima mwendo wa kamasi puani, wakaona supu ya kuku ya moto inauharakisha, na maji baridi yanaupunguza. Mwaka 2000 daktari Stephen Rennard wa Nebraska, Marekani, alichapisha matokeo ya supu iliyopikwa nyumbani kwake: katika maabara ilipunguza mwendo wa neutrofili, zile seli nyeupe za damu zinazokimbilia penye uvimbe. Hayo yalitokea kwenye vyombo vya maabara, si ndani ya mgonjwa, kwa hiyo siiti dawa. Ninachokiona kwa macho kinanitosha: mvuke unafungua pua, na mwili uliokataa kila kitu unapata maji, chumvi na nyama kidogo iliyochambuliwa.

Mwanangu amekunywa bakuli zima, akaomba jingine. Nilikamulia ndimu matone machache, nikarudisha nyama ya kidari dakika ya mwisho ipate moto tu.

Iliyobaki nimeigawa kwenye vyombo vipana ipoe upesi, iingie friji kabla ya muda wa saa mbili kupita. Humo itakaa siku tatu, nne hivi, na kila nikiipasha lazima ichemke kabisa. Utando wa mafuta utakaoganda juu nitauengua nikaangie vitunguu.