Jinsi likelemba (mchango wa zamu) ya mama zetu ilivyotufungulia mlango wa katiba

Nimeamua kuandika haya kwa sababu kila mjadala wa katiba unapozuka, anatokea mtu wa kuniambia kwamba watu wa kartye (mitaa) zetu hawana la kusema juu ya jambo hilo, kwamba katiba ni kazi ya wanasheria, na kwamba mama anayeuza makala (mkaa) kando ya barabara anachotaka ni bei ya unga ishuke tu. Maneno hayo nimeyasikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na yameniumiza. Nimefundisha shule ya msingi hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa miaka 22, ninakaa komini ya Katuba, na kuanzia Desemba 2024 hadi Machi 2025 nilikaa na majirani zangu, tukaisoma katiba kwa Kiswahili, tukaijadili, tukaandika maoni yetu katika kurasa saba na kuyafikisha panapohusika. Tulikuwa watu 33 mwishoni, na 20 kati yao ni mama.

Mwezi wa Oktoba 2024, Rais Félix Tshisekedi akiwa Kisangani alitangaza kwamba mwaka unaofuata ataunda tume ya kutafakari katiba mpya, na mwezi wa Novemba akalirudia jambo la kubadilisha katiba hapa hapa Lubumbashi. Tangu siku hizo, ndani ya teksi, kwenye foleni ya maji na mbele ya kanisa, kila mtu alikuwa na msimamo. Nilipouliza ni nani aliyeisoma, sikupata hata mmoja. Wala sikuwa na haki ya kumlaumu yeyote. Desemba 2005, katika kura ya maoni juu ya katiba hii iliyofanyika tarehe 18 na 19, nilipiga kura ya Ndiyo, kama walivyofanya karibu asilimia 84 ya wapiga kura nchini, na nilikuwa sijasoma hata ibara moja. Tulichotaka wakati ule ni vita viishe na tupate uchaguzi. Sijutii kura ile, lakini niliapa kwamba sitapiga nyingine ya namna hiyo nikiwa gizani.

Basi nikaomba ushauri, na hapo ndipo nilipopoteza majuma mawili. Ndugu mmoja aliyesoma sheria aliniambia nianze na utangulizi, niende ibara kwa ibara, na nisome kwa Kifaransa, maana hayo ndiyo maandishi yanayotambulika. Mwingine, aliyewahi kufanya kazi na mashirika, alinisisitizia nitengeneze karatasi ya maswali ya kujibu ndiyo au hapana, kwa kuwa bila hesabu hakuna atakayetusikiliza. Wa tatu alisema nisipogawa hela ya usafiri sitamwona mtu. Huyo wa tatu nilimkatalia pale pale: anayelipwa ili atoe maoni atayatoa yale anayodhani mlipaji anayataka. Wawili wa kwanza niliwafuata kwa uaminifu wote.

Jumamosi ya kwanza walikuja watu 46, bila hela ya usafiri, wakajaza darasa moja hata wengine wakakaa dirishani. Nilisimama ubaoni na kitabu, nikasoma utangulizi, nikasoma ibara ya 1, ya 2, ya 3, kila moja kwa Kifaransa na maelezo mafupi kwa Kiswahili. Katiba yetu ina ibara 229. Nilipofika ya 12, saa moja na nusu ilikuwa imekwisha, watoto wamelala mapajani mwa mama zao, na mzee mmoja wa benchi la mbele akainua mkono, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, unatufundisha ao unatuuliza?" Sikuwa na jibu. Nikakimbilia karatasi za maswali, nikazigawa, na swali lenyewe lilikuwa moja: je, katiba ibadilishwe? Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Vijana wawili walisimama, mmoja akasema anayejibu hapana ni adui wa mkoa fulani, mwingine akasema anayejibu ndiyo amenunuliwa, na mtu wa nyuma akauliza kwa sauti ni nani aliyenituma. Watu walitoka wakigombana mpaka barabarani. Usiku ule nilihesabu karatasi chini ya taa ya betri. Ndiyo zilikuwa nyingi kidogo kuliko hapana, na hesabu hiyo haikunifundisha chochote. Karatasi moja haikuwa na alama popote, lakini nyuma yake mtu aliandika kwa kalamu ya risasi, kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika: TUBADILISHE NINI? Karatasi hiyo ninayo hadi leo. Jumamosi iliyofuata walikuja watu tisa.

Kilichotuokoa kilikuwa ndani ya lupangu (kiwanja) langu mwenyewe, na nilikuwa nakipita kila Jumapili. Mke wangu yumo katika likelemba ya mama 20. Hukutana kwetu baada ya misa, kila mmoja huweka mchango, kama faranga elfu kumi hivi, na mwenye zamu huondoka na zote. Jumapili moja nilikuwa nimeketi chini ya mwembe nikisahihisha madaftari, nikasikia sauti zimepanda. Mama anayeshika sanduku, ambaye zamu yake ilikuwa karibu na mwisho, aliomba apandishwe juu kwa sababu ya shida ya nyumbani, na zaidi ya hayo alitaka aendelee kushika sanduku hata mzunguko ukiisha, ingawa kanuni yao inasema kila mzunguko una mshika sanduku wake. Kulikuwa na waliomhurumia. Mama muuza makala ndiye aliyejibu, bila kelele: "Kanuni tuliiandika sisi wote. Mwenye kushika sanduku hawezi kuibadilisha wakati yeye ndiye atafaidika." Mwingine akasema basi wapige kura, na kama wengi wanakubali, yaishe. Yule mama akakataa tena: "Vingine tupige kura. Lakini ile ya kusema kila mmoja atapata zamu yake, hata tukikubali wengi, hatuigusi. Mwenye hajapata bado ndiye ataibiwa." Na mama mkubwa kuliko wote akaongeza kwamba isitoshe, wawili wako kwenye kilio, na wakati wa kilio hawabadilishi kitu.

Niliweka kalamu chini. Mama hawa walikuwa wamenieleza ibara ya 219 na ya 220 bila kuzisoma, kwa uwazi ambao sikuusikia kwa yule ndugu wa sheria. Ibara ya 220 ndiyo inayofunga mambo yasiyoweza kurekebishwa: mfumo wa jamhuri, kura ya watu wote, idadi na muda wa mihula ya rais, uhuru wa mahakama, vyama vingi, tena inakataza marekebisho yoyote yanayopunguza haki za watu au mamlaka ya mikoa. Ibara ya 219 inakataza kurekebisha katiba wakati wa vita, wakati wa hali ya dharura au ile tunayoiita eta de sieje (jeshi linaposhika utawala), wakati kiti cha rais kinashikiliwa kwa muda, na wakati Bunge na Seneti haziwezi kukutana kwa uhuru. Hicho ndicho kilio cha taifa.

Jumapili iliyofuata niliomba robo saa baada ya mchango. Sikuja na kitabu mkononi. Niliwaomba wanieleze kanuni yao: nani anaruhusiwa kuleta wazo la kuibadilisha, wangapi lazima wakubali, nini hakiguswi, na lini hairuhusiwi. Walijibu wote kwa pamoja, wakirekebishana. Ndipo nikachukua katiba nikasoma ibara ya 218 kwa Kiswahili, na kila sehemu wakawa wanaipima na yao. Ibara hiyo inawapa nafasi ya kuanzisha marekebisho rais, serikali, nusu ya wajumbe wa Bunge au wa Seneti, na raia 100,000 wakitia saini ombi. Kisha Bunge na Seneti huamua kama wazo lina msingi, na mwisho ni kura ya wananchi wote. Lakini kuna njia ya pili: Bunge na Seneti zikikutana pamoja na kukubali kwa tatu ya tano, kura ya wananchi haifanyiki. Nilipanga vifuniko vya chupa 20 juu ya kiti, nikatenga 12, nikasema hawa wakikubali, imekwisha. Mama muuza makala alivitazama vile vifuniko kwa muda mrefu. "Kwa hiyo hapo hatuulizwi?" Nikamjibu kwamba hapo hatuulizwi, na kwamba ndivyo ilivyokwisha kutokea Januari 2011, ibara nane ziliporekebishwa bila sisi kupiga kura, mojawapo ikiwa ya 71, na tangu hapo rais anachaguliwa kwa duru moja. Hakuna aliyekuwa anajua. Robo saa yangu ikawa saa mbili, na tangu siku hiyo waume zao na majirani wakaanza kuleta viti.

Utaratibu wetu ulikuwa rahisi. Wao ndio waliochagua ibara ya kila Jumapili, na swali halikuwa tena ibadilishwe au isibadilishwe, lilikuwa: hii imekufikia wapi katika maisha yako? Niliandika majibu kwenye makatoni niliyopewa dukani bure. Kazi kubwa ilikuwa maneno. Kiswahili changu cha ubaoni kiliwapita. Nilipotafsiri ibara ya 5 kwa "mamlaka kuu ya taifa" walinyamaza, mpaka mtu akasema, "Anataka kusema bukubwa ya inchi iko na raia," na sote tukaichukua hivyo. Nawashauri wenzangu waache wenyeji watafsiri, kisha waandike kama walivyosema. Katiba yenyewe, katika ibara ya kwanza, inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na mtu anayetafuta maoni ya Lubumbashi kwa Kifaransa peke yake anawaacha nje walio wengi.

Ibara iliyotuchukua Jumapili mbili nzima ni ya 175, inayosema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya mikoa na hukatwa huko huko yanakotoka. Baba mmoja aliyefanya kazi migodini maisha yake yote alitueleza malori ya shaba anayoyaona kila siku yakielekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na barabara ya kartye anayoivuka na viatu mkononi mvua ikinyesha. Hakuomba ibara ibadilishwe. Aliomba itekelezwe, na wengi walisema naye. Juu ya ibara ya 14, ya usawa wa wanawake na wanaume katika uongozi, mama walizungumza na sisi tulisikiliza, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa baadhi yetu. Juu ya muhula wa rais hatukuafikiana kamwe. Niliandika pande zote mbili kwa maneno yao, bila kuhesabu vichwa.

Kisha likafika juma la mwisho la Januari 2025, Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, ikatekwa na waasi wa M23. Jumapili ile hakuna aliyechagua ibara. Baba mmoja ambaye dada yake anaishi kule, na ambaye kwa siku tano hakuwa amempata kwa simu, aliomba nisome tena ile ya 219. Nikasoma. Tunajua kwamba Kivu Kaskazini na Ituri zilikuwa chini ya eta de sieje tangu Mei 2021. Akauliza: "Wakisema tupige kura, dada yangu atapiga wapi?" Mama walianza kulia, na sikuendelea na kitu kingine siku hiyo. Tulipoandika maoni yetu, swali lake tuliliweka kuwa sentensi ya kwanza ya ukurasa wa kwanza.

Gharama hazikuwa kubwa: fotokopi, kalamu, nauli ya siku moja, labda faranga elfu sabini au themanini kwa jumla, na likelemba ilichanga sehemu. Niliwaeleza wazi kwamba saini 33 haziwezi kuanzisha marekebisho, lakini ibara ya 27 inampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tulikwenda watu tisa kwenye ofisi yao, na nakala mbili. Kijana wa mapokezi alichukua moja, akaiweka juu ya rundo, akakataa kupiga muhuri kwenye ya pili, akisema karatasi za raia hazipigwi muhuri. Nilikuwa nimeshaanza kukunja mkoba. Mama muuza makala akakifungua kitabu pale nilipoweka alama, akaweka kidole chake chenye weusi wa makala chini ya ibara ya 27, akaniambia, "Mwalimu, msomee." Nikasoma kwa sauti, hadi sehemu inayosema hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kuandika ombi la namna hiyo. Kijana aliingia ndani, akarudi na muhuri.

Jibu lilifika juma la kumi na moja, mistari minne, likitushukuru kwa mchango wetu. Nililisoma chini ya mwembe, mara mbili, kwa sababu waliomba. Yule baba mwenye dada Goma alikaa kimya. Mama muuza makala aliuliza ni mstari gani unaojibu juu ya ile asilimia 40. Nikamwonyesha karatasi, nikamwambia hakuna. Jumapili hiyo hiyo, kabla mchango haujahesabiwa, tulianza kuandika barua ya pili.