Nilivyoikagua Altezza RS200 kabla ya kutoa hela

Ukiona Altezza RS200 ya gia za mkono inauzwa hapa Arusha, jua kuna mtu aliinunua ili aikimbize. Sioni ubaya wake, hata mimi niliitaka kwa sababu hiyo hiyo. Ila ukaguzi wake unakuwa tofauti. IST unaikagua gari yenyewe. RS200 unamtafuta aliyeiendesha: alikuwa anaisubiri ipate joto au anaikanyaga ikiwa ya baridi, alikuwa anabadilisha oili kwa wakati, aliwahi kukata springi au kuchezea difu, yaani gia za katikati ya magurudumu ya nyuma. Huyo mtu humuoni, unaziona alama zake tu.

Nilianza na kuhakikisha ni RS200 kweli. Altezza zilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, sura ni moja lakini AS200 ina injini ya 1G-FE ya silinda sita, na RS200 ina 3S-GE ya silinda nne, ambayo kwa gia sita za mkono Toyota waliitangaza kuwa na nguvu za farasi 210. Beji ya nyuma inanunuliwa dukani, kwa hiyo siiangalii. Naangalia namba ya chesesi: SXE10 ni RS200, GXE10 ni AS200. Nilikuwa naomba picha ya kadi na ya kibati cha chesesi kwa WhatsApp kabla sijapanda daladala. Baadhi ya madalali walikaa kimya hapo hapo, nikaokoa nauli.

Gari ya kwanza niliyoipenda ilikuwa Njiro. Rangi safi, viti havijachanika, dashibodi inasoma kilomita 87,000. Nilipofungua boneti nikaona kikaratasi kidogo kimebandikwa karibu na kava la mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini, maandishi ya Kijapani na tarakimu za kalamu. Mafundi wa Japani wakibadilisha mkanda huandika tarehe na kilomita. Mwaka mara nyingi wanauandika kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao, kwa hiyo "21" ni mwaka wa 21 wa Heisei. Ukijumlisha 1988 unapata 2009. Pembeni yake kulikuwa na 98,000. Yaani mwaka 2009, ikiwa bado Japani, gari ilishatembea kilomita 98,000, na leo ipo Njiro na 87,000.

Nikamwita mwenyewe. "Kaka, njoo usome hapa tafadhali." Akainama, akasoma, akarudi kuangalia dashibodi. "Dada, wallahi mimi nimeinunua hivi hivi." Nilimwamini, kwa sababu angejua angekuwa ameshakibandua. Na zile 98,000 zenyewe zisingenitisha, maana Toyota huelekeza mkanda huo ubadilishwe kwenye kilomita 100,000, kwa hiyo huko ilikotoka ilitunzwa. Kilichonitoa ni kwamba baada ya hapo hakuna namba ya kuishika. Imetembea ngapi tangu 2009? Mkanda unaofuata unadaiwa lini? Nikamshukuru nikaondoka.

Ya pili ilikuwa Sakina. Nilimpigia mwenye gari usiku nikamwomba jambo moja: asiiwashe kabla sijafika, maana nilitaka kuona inavyowaka ikiwa ya baridi. Nikaenda asubuhi na fundi mzee wa mtaa wa Unga Limited ambaye nilimlipa siku yake nzima. Mlipeni fundi wenu nyinyi wenyewe, asitegemee chochote kutoka kwa muuzaji. Ilikuwa Julai, baridi ile ya kuvaa sweta mbili. Baada ya salamu mzee hakusema neno, akaweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Akafungua mfuniko wa oili akaugeuza kuangalia kama kuna utando mweupe kama maziwa, akafungua rejeta, akavuta kijiti cha oili. Oili ilikuwa nyeusi lakini ya kiasi, na maji ya rejeta hayakuwa na mafuta juu.

Ndipo ikawashwa, mimi nimesimama nyuma kwenye ekzosi. Kwa baridi ya Arusha mvuke mweupe mwanzoni ni wa kawaida, mradi upotee injini ikipata moto. Moshi wa bluu unaotoka gari inapowashwa kisha ukakata, hizo ni sili za vali zimechoka. Ukitoka kila unapokanyaga, ringi zimechoka. Hapa haukutoka wowote. Taa ya injini iliwaka swichi ilipofunguliwa na ikazimika baada ya injini kuwaka. Hilo la taa kuwaka kwanza liangalie sana, maana wapo wanaoitoa balbu.

Injini ilipopata moto tukapima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda, na hapa wengi wanaharibu. Plagi zote nne zinatolewa, petroli inakatwa, geji inafungwa kwenye tundu la plagi, mtu mmoja anakanyaga pedali mpaka chini huku anapiga stata. Tulipata 165, 170, 170 na 165 kwa PSI. Nilimtumia rafiki yangu wa Dar, akaniambia niachane nayo, 3S-GE yenye uwiano wa mgandamizo wa 11.5 kwa 1 inatakiwa ifike karibu na 200. Lakini Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 15. Injini ile ile inayosoma 200 Dar, hapa itasoma kama 170. Mzee alishalijua hilo kabla sijamaliza kumweleza. "Mwanangu, usitazame ukubwa, tazama kama zinafanana." Toyota huruhusu silinda zipishane kwa PSI 15 hivi. Hizi zilipishana kwa tano.

Tukanyanyua magurudumu yote ya nyuma, gia ikiwa huru. Mzee akazungusha tairi moja, la pili likazunguka kinyume: difu ya kawaida. Yangezunguka upande mmoja ningeuliza zaidi, kwa sababu baadhi ya RS200 zilikuja na difu ya LSD, inayozuia tairi moja lisizunguke bure peke yake, lakini nyingine zimechomelewa na vijana ili ziteleze kona. Iliyochomelewa utaijua ukikata kona kali taratibu, matairi ya nyuma yanarukaruka.

Mbele ndiko tulikokuta tatizo. Matairi yote mawili yalikuwa yameliwa upande wa ndani. Mzee akaingiza mtaimbo chini ya gurudumu la kulia akalinyanyua, boljointi ya chini ikagonga "ko". Akarudia ili mwenye gari asikie mwenyewe. Boljointi za chini ni ugonjwa unaojulikana wa Altezza na wa Lexus IS200, ambayo ni gari hiyo hiyo kwa jina lingine. Ikichomoka barabarani gurudumu linalala.

Barabarani tuliipandisha Sanawari kuelekea Ilboru kwa gia ya nne, mzunguko wa chini, nikakanyaga. Klachi iliyochoka hapo inapandisha mzunguko bila gari kuongeza mwendo. Hii ilishika. Kwenye barabara ya Kisongo nikaingiza gia ya pili kwenda ya tatu kwa haraka, zikaingia bila kukwaruza. Faini za trafiki tulizikagua kwa namba ya gari, na jina kwenye kadi lilikuwa la muuzaji.

Tukakaa chini na karatasi. Niliorodhesha boljointi mbili, matairi mawili ya mbele, na mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ushahidi kwamba uliwahi kubadilishwa. Mwenye gari alibishia mkanda, akisema injini haina mlio wowote. Mzee akamjibu kwa upole kwamba mkanda hauna kawaida ya kupiga kelele kabla ya kukatika, na ukikatika vali zinaweza kukutana na pistoni. Akapunguza laki sita. Nilitaka nane, lakini kwa kompresheni ile sikuona sababu ya kuikosa gari kwa laki mbili.

Umiliki ulipobadilishwa TRA, gari ilitoka pale ikaenda moja kwa moja gereji Unga Limited. Mkanda wa zamani ulipotolewa, mzee aliukunja kwa vidole, nyufa zikafunguka katikati ya meno.