Mrija Niliourudisha

Nimerudi Malaba, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, baada ya miaka 12 Mombasa. Niliposhuka kwenye basi, macho yalikwenda yenyewe kwenye kibanda nilikokuwa nikinunua waragi, pombe kali ya Uganda, ya vipaketi. Serikali ilivipiga marufuku mwaka 2019 nikiwa mbali, na kibanda sasa kinauza vocha na sabuni. Waragi yenyewe ingalipo, imehamia kwenye chupa tu.

Mwaka 2012 niliondoka hapa na vipaketi vitatu mfukoni. Nilikuwa na pesa za mama pia, alizoweka akiba ya mabati ya jikoni lake. Zilikwisha kabla sijafika Mombasa.

Huko nikanywa miaka mingine saba. Nilipoamua kuacha, nilijifungia chumbani peke yangu nikidhani huo ndio uanaume. Siku ya pili nikaanguka kwa degedege, jirani akanikimbiza hospitali. Daktari akanieleza kwamba mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukikatiwa ghafla, unaweza kutetemeka, kuweweseka, kupata degedege, hata kufa. Wewe unayesoma hapa na unataka kuacha, nakusihi usijifungie. Anza kwa daktari. Kwa walio karibu na Kampala, hospitali ya Butabika ina kitengo cha waraibu.

Baada ya hapo niliingia Alcoholics Anonymous, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ulioanzia Akron, Marekani, mwaka 1935. Katika hatua zao 12, ya tisa ndiyo iliyonikwamisha: uwaendee uliowadhuru, urekebishe ulichoharibu, isipokuwa pale utakapowaumiza zaidi. Mara ngapi nilimpigia mama simu nikalia! Lakini machozi hayaezeki jikoni. Safari hii nimekuja na mabati, na fundi amekwisha kuyapigilia.

Jumamosi wazee walikaa kuzunguka chungu cha ajono, pombe ya ulezi tunayoinywa kwa mirija mirefu. Kwetu Wateso, kukaribishwa kwenye chungu ni kuhesabiwa kuwa mtu wa watu. Baba mdogo akanisogezea mrija. Nikamrudishia, nikasema, "Ninatumia dawa." Wakaelewa mara moja, mazungumzo yakaendelea.

Mimi sikutulia. Miaka yote nilidanganya ili ninywe, na sasa nadanganya ili nisinywe, kana kwamba kuacha ni aibu ya kufichwa. Nilikaa na uongo ule labda nusu saa, kisha nikainama karibu na sikio lake.

"Baba, hakuna dawa. Nilikuwa mlevi, mnajua wote. Niliacha, mwaka wa tano huu. Naomba nikae nanyi bila mrija."

Alinyamaza kitambo. Akaongeza maji ya moto chunguni, kisha akaita kuelekea nyumbani: "Mleteeni huyu chai!" Nikanywa chai yangu mpaka giza likaingia, nikisikiliza habari za mashamba na za malori yaliyokwama mpakani. Sijawahi kukaa pale nikakumbuka kesho yake yaliyosemwa.

Zamani mama akinituma sokoni alimwambia mdogo wangu anifuate, na pesa alishika yeye, mtoto wa miaka tisa. Jana asubuhi mama alifungua kitambaa chake, akanipa noti ya shilingi 50,000, akasema chumvi, mafuta ya kupikia na dagaa. Nikasubiri kidogo mlangoni kuona nani atanifuata. Mama alikuwa amekwisha kuinama anapuliza moto.

Nikaenda peke yangu.