Kijiko kimoja cha kimea

Mwezi wake wa saba tangu azaliwe, binti yangu hakuongezeka hata gramu. Kilo 6.9 mwezi wa sita, kilo 6.9 tena. Mstari kwenye kadi ya kliniki ulilala, na mimi nilirudi Kihonda nikilia ndani ya daladala.

Miezi sita ya kwanza alikuwa amenyonya tu, hata maji sikumpa. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 ilipoisha nilikamua maziwa alfajiri, nikayaacha kwenye friji, dada akamnywesha kwa kikombe. Huko hapakuwa na shida. Shida ilikuwa uji.

Muuguzi aliuliza ninavyoupika. Nikamweleza: mwepesi, asije akapaliwa. Akasema, "Mama, uji ukimwagika wote kijiko kikiinama, hapo umempa maji." Tumbo la mtoto wa umri ule ni dogo. Mwanangu alikuwa akimaliza kikombe kizima, tumbo likijaa, unga wenyewe ukiwa kiduchu.

Nikaukaza. Akaukataa, akautema wote kifuani.

Mama mkwe alikuja kutoka Kondoa na kimfuko cha unga wa rangi ya udongo. Kimea cha ulezi. Nilishtuka, kwa sababu kimea nilikijua cha pombe. "Pombe inachachushwa, mwanangu. Huu unapikwa." Aliloweka ulezi usiku kucha, akautandaza juu ya gunia bichi, akaufunika mpaka ukaota, akauanika juani, akasaga. Haukaangwi, ukikaangwa nguvu yake inakufa.

Alipika uji mzito hasa, mwiko unasimama. Akauepua, akauacha upoe kidogo, akatia kijiko kimoja cha chai cha kimea, akakoroga. Niliuona ukilegea mbele ya macho yangu, kama samli inayoyeyuka. Unga ni uleule, haujapungua, ila sasa unamezeka. Akaurudisha jikoni uchemke tena, ndipo akampa mtoto. Alikula vijiko saba. Nilivihesabu.

Siku hizi naongeza karanga za kusaga, na karanga nachambua moja moja. Iliyosinyaa au yenye ukungu natupa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Ndiyo maana siku hizi sinunui unga wa lishe uliochanganywa vitu kumi: siwezi kujua karanga zake zilichambuliwa na nani. Mchana anakula maini ya kuku au dagaa waliosagwa, kwa kuwa madini ya chuma aliyozaliwa nayo yanakaribia kwisha umri huu. Asali bado, mpaka atimize mwaka.

Kunyonya hajaacha, wala simwachishi kabla ya miaka miwili. Usiku bado ananitafuta gizani kwa mkono.

Juzi mzani umesoma kilo 7.4. Ulezi mwingine nimeuloweka jana, uko kwenye ndoo ya bluu nyuma ya mlango.